Mwanangu wa miaka 14, kituo cha matibabu, na nyumba ya bibi Ujiji

Swali: «Sisi ni Watanzania, tunaishi Ohio, Marekani, na watoto wetu watatu. Miezi miwili iliyopita iligundulika kwamba mwanangu wa miaka 14 alikuwa akimdhalilisha kingono binti wa mdogo wangu, mwenye miaka 7, ambaye nilikuwa nikibaki naye jioni mama yake akiwa kazini. Shauri liko mahakama ya watoto. Ofisa anayemsimamia anapendekeza apelekwe kituo cha matibabu ambako vijana hulala huko huko, kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Mume wangu anasema hiyo ni jela iliyopakwa rangi, na anataka tumpeleke kimyakimya kwa mama yake, Ujiji. Nyumbani nina binti mwingine wa miaka 6. Naomba kujua huko kituoni wanafanya nini hasa, kama kunasaidia, na kama kwa bibi yake si bora zaidi.»

Jibu:

Mama, pole sana. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila nilipofika mwisho nilijikuta nikimtafuta mtoto aliyetajwa mara moja tu, yaani binti wa mdogo wako. Nitaanza naye. Sifanyi hivyo ili kukulaumu, bali kwa sababu kila uamuzi kuhusu mwanao, uwe wa kituo, wa Ujiji au wa kubaki nyumbani, lazima kwanza upimwe kwa usalama wa mtoto huyo na wa binti yako wa miaka 6. Mtoto aliyedhurika anahitaji kuaminiwa, kuhojiwa na watu waliofunzwa kazi hiyo badala ya kuulizwa upya na kila shangazi anayepita, na kupata tiba ya kiwewe kwa mtaalamu wake mwenyewe, ambaye si yule atakayemtibu mwanao. Hahitaji kukutanishwa na binamu yake ili «wayamalize», wala kuambiwa asamehe. Najua jinsi mambo haya yanavyoendeshwa kwetu: wazee wanakaa, faini inatajwa, mtu anasema funika kombe mwanaharamu apite, na mdogo wako anaombwa afute shauri kwa ajili ya undugu. Ikiwa kuna anayemshinikiza hivyo, mzuie wewe, kwa sababu akizuiwa na mama wa kijana mwenyewe atasikia.

Sasa nije kwa mwanao. Wataalamu wa fani hii hawamwiti kijana wa umri wake «mbakaji» wala «mharibifu wa watoto». Husema ni kijana mwenye tabia ya kingono yenye madhara, na tofauti hiyo si ya kupamba maneno. Tabia hiyo ni kubwa, imemuumiza mtoto, na sheria inaitambua kuwa kosa, lakini haitoshi kutuambia huyu atakuwa mtu mzima wa namna gani. Nchini Marekani, uchambuzi wa taarifa za polisi za mwaka 2004, uliochapishwa na Wizara ya Sheria mwaka 2009, ulionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya waliotambuliwa na polisi kuwa walitenda makosa ya kingono dhidi ya watoto walikuwa wenyewe chini ya miaka 18, na kwamba makosa dhidi ya watoto wadogo huongezeka ghafla watendaji wanapofika miaka 12 hadi 14. Umri wa mwanao, kwa hiyo, si ajabu ya familia yenu. Ndio umri ambao mwili umewaka kabla ya busara kufika, na mtoto mdogo yuko karibu bila mtu mzima kutazama.

Kuhusu kurudia, uchambuzi mpana uliochapishwa mwaka 2016 ulikusanya tafiti 106 zenye vijana zaidi ya 33,000 waliofikishwa mbele ya sheria kwa makosa ya kingono, wakafuatiliwa kwa wastani wa miaka mitano hivi. Walioshtakiwa tena kwa kosa la kingono walikuwa chini kidogo ya asilimia 5, na katika tafiti za kuanzia mwaka 2000 walikaribia asilimia 3. Takwimu hizi zina kasoro ambayo sitaki ikupite, kwamba zinahesabu waliogunduliwa tena tu, na sote tunajua ni mangapi ya aina hii hayafiki polisi. Hata hivyo, hata ukiziongeza kwa ukarimu, bado zinapingana kabisa na imani iliyotawala mitaani, na wakati mwingine mahakamani, kwamba aliyeanza hivi hana dawa.

Kwa nini basi apelekwe kituoni? Hili ndilo swali la kumuuliza ofisa, na uombe jibu kwa maandishi. Matibabu ya kulala huko huko yamekusudiwa vijana wachache: waliotumia nguvu au vitisho, walioendelea baada ya kugunduliwa na kuonywa, wenye ugonjwa wa akili au kiwewe kizito ambacho hakiwezi kutibiwa kwa miadi ya mara moja kwa wiki, au wale ambao hakuna mtu mzima anayeweza kuwasimamia. Wengine wote, na hao ndio wengi, hutibiwa wakiwa wanaishi kwenye familia. Kuna matibabu yanayofanyika nyumbani, ambapo mtaalamu huja kwenu mara kadhaa kwa wiki, akafanya kazi na kijana, wazazi na shule kwa pamoja. Katika jaribio moja lililofanyika Missouri kwa vijana 48 waliogawanywa kwa bahati nasibu, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2009, waliopata matibabu ya namna hiyo walifuatiliwa kwa karibu miaka 9, na asilimia 8 ndio waliokamatwa tena kwa kosa la kingono, ilhali waliopata huduma za kawaida za jamii walikuwa asilimia 46. Vijana 48 ni wachache, na walikuwa wenye makosa mazito, kwa hiyo usiichukue asilimia hiyo 46 kama utabiri wa mwanao. Ninachotaka ukione ni kwamba kilichobadilisha mambo kilikuwa kazi iliyofanywa na familia, na wala hakikuhitaji kitanda cha kituoni.

Nyumba yenu, hata hivyo, ina jambo ambalo ofisa hawezi kulifumbia macho: binti wa miaka 6. Siwezi kukwambia, na mtaalamu yeyote mwaminifu hatakwambia, kwamba mwanao alale chini ya paa moja na mdogo wake wiki hii kwa kuwa takwimu ni nzuri. Lakini kati ya chumba chake cha sasa na kituo cha mwaka mzima kuna hatua za katikati. Je, yupo ndugu au rafiki wa familia humo humo Ohio asiye na watoto wadogo, aliye tayari kuelezwa ukweli wote na kukaguliwa na mahakama, ambako kijana anaweza kuishi huku akihudhuria matibabu ya mchana? Nimeona shauri likigeuka kwa sababu mjomba mmoja asiye na watoto alisimama mbele ya hakimu akasema atampokea. Nimeona pia vijana wakipelekwa kituoni si kwa uzito wa kosa, bali kwa sababu kaunti yao haikuwa na mtaalamu wa karibu, na kitanda kilikuwa wazi. Omba tathmini kamili ifanywe kabla ya uamuzi, na mtu aliyefunzwa kuwapima vijana, si watu wazima. Vipo vipimo vinavyotumika sana, kama ERASOR na J-SOAP-II, ambavyo husaidia kupanga ni kijana gani anahitaji usimamizi wa kiasi gani, ingawa hakuna kinachoweza kutabiri kwa uhakika mtoto mmoja atafanya nini. Na matokeo yake hayadumu: kijana hukua, akapimwa tena.

Haya yote yapitishe kwa wakili. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwaka 1967 katika shauri la Gault, mvulana wa miaka 15 wa Arizona, mtoto anayeweza kupoteza uhuru wake katika mahakama ya watoto ana haki ya wakili, na familia isiyo na uwezo hupewa. Muulize hasa kuhusu daftari la wakosaji wa kingono, yaani orodha ya serikali ya waliopatikana na makosa hayo. Katika Ohio, kwa kijana wa miaka 14 au 15 asiye na kosa la awali, kuandikishwa si jambo la lazima. Jaji ndiye huamua, na maendeleo ya kijana katika matibabu ni miongoni mwa mambo anayoweza kuyazingatia. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilibatilisha sheria iliyokuwa ikiwaandikisha baadhi ya vijana maisha yao yote bila jaji kuwa na la kusema, ikiiita adhabu ya kikatili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uligundua kwamba vijana walioandikishwa katika daftari hizo waliripoti kujaribu kujiua siku za karibuni mara nne zaidi ya wenzao wenye matatizo ya kingono ambao hawakuandikishwa. Kwa maoni yangu daftari hizo, kwa watoto, zina madhara mengi na kinga kidogo. Na kwa kuwa nyinyi ni wageni nchini humo, mtafuteni pia wakili wa uhamiaji, kwa maana wakili wa mahakama ya watoto mara nyingi hajui upande huo.

Tuchukulie sasa kwamba tathmini imefanywa na imethibitisha kuwa kituo ndicho kinachofaa. Wanafanya nini huko?

Katika kituo kizuri, siku ya kijana inafanana kuliko unavyodhani na siku ya shule ya bweni, isipokuwa macho ya watu wazima hayaondoki. Anaamka, anasafisha chumba, anasoma darasa lake la kawaida kwa walimu wenye leseni, ili akitoka asiwe amepoteza mwaka. Hulala chumba cha peke yake, na usiku kuna mtumishi aliye macho anayepita milangoni. Mara moja au mbili kwa wiki hukaa na mtaalamu wake faraghani, mara kadhaa hukaa katika kundi la vijana wachache, na angalau mara moja kwa wiki hukaa na nyinyi wazazi, ana kwa ana au kwa simu. Kilicho ndani ya vikao hivyo ndicho matibabu yenyewe. Hujifunza kuzitambua hisia zake na kuzimudu, kuelewa ridhaa ni nini na kwa nini mtoto wa miaka 7 hawezi kuitoa hata asipolia, kutambua njia aliyoipitia kabla ya kutenda, na kujenga maisha ambayo yana marafiki wa rika lake, michezo, kazi ya mikono na matumaini. Akiwa yeye mwenyewe aliwahi kudhalilishwa au kupigwa, na wengi wao wamepitia hayo ingawa si wote, hutibiwa hilo pia. Usishangae likijitokeza jambo ambalo hukuwahi kulijua. Usilikimbilie pia kama udhuru, kwa sababu matibabu mazuri humfundisha kijana kubeba mambo mawili kwa pamoja: aliloumizwa na aliloumiza.

Haikuwa hivi zamani. Katika miaka ya 1980, programu za kwanza za vijana zilinakiliwa kutoka kwa zile za watu wazima waliofungwa: kijana alikalishwa katikati ya kundi akashambuliwa kwa maswali hadi akiri kila kitu, akaambiwa ajitambulishe kwa kosa lake kila asubuhi, na kufundishwa kwamba atabeba hatari hiyo hadi kaburini. Ukimwambia mtoto wa miaka 14 kwa mwaka mzima kwamba yeye ni kitu kibaya, ipo siku atakuamini. Mwelekeo umegeuka tangu wakati huo, na mmoja wa waliougeuza ni Tony Ward, mwanasaikolojia wa New Zealand, aliyeeleza kwamba mtu huacha kuumiza wenzake vizuri zaidi akifundishwa namna halali ya kupata yale ambayo kila binadamu huyataka, yaani ukaribu, heshima na kuwa na umahiri katika jambo fulani, kuliko akifundishwa tu kujiogopa. Chama cha wataalamu wa fani hii, ATSA, katika mwongozo wake wa vijana wa mwaka 2017, kilipinga kuwapima vijana kwa mashine ya kupima uongo na kwa vifaa vya kupima mwitikio wa kingono wa mwili. Kituo kikikwambia kwamba bado kinatumia vitu hivyo, umeshapata jibu kuhusu kituo hicho.

Mume wako anaposema ni jela iliyopakwa rangi, asibezwe. Juni 2024, Kamati ya Fedha ya Seneti ya Marekani ilitoa ripoti juu ya makampuni makubwa yanayoendesha vituo vya matibabu ya vijana, ikaeleza watoto waliodhalilishwa na watumishi, waliobanwa kwa nguvu na kufungiwa peke yao ovyo, na vituo vyenye watumishi wachache ili faida iwe kubwa. Desemba mwaka huo huo ikatiwa saini sheria ya shirikisho inayotaka hali ya vituo hivi ichunguzwe na takwimu zake zikusanywe. Katika uchunguzi wa Wizara ya Sheria wa mwaka 2018, asilimia 7.1 ya vijana waliokuwa katika vituo vya kuzuilia walisema wamedhalilishwa kingono humo humo ndani ya mwaka mmoja, na wengi wao walimtaja mtumishi kuliko kijana mwenzao. Ipo pia hatari isiyo na kelele: ukiwakusanya vijana wenye matatizo mahali pamoja bila usimamizi makini, hufundishana. Thomas Dishion na wenzake waliliandika hilo mwaka 1999 baada ya kuona programu za vikundi, zilizoanzishwa kwa nia njema, zikiwarudisha vijana nyuma.

Kwa hiyo usikubali kituo kabla ya kukitembelea. Nenda bila kushika karatasi ya matangazo yao, tazama nyuso za vijana wakati wa chakula, kisha uliza. Usiku wanakuwepo watumishi wangapi kwa vijana wangapi, na wako macho? Mtaalamu wa tiba ana leseni ya jimbo, au ni mwanafunzi anayebadilishwa kila miezi minne? Mwezi uliopita kijana alibanwa kwa nguvu mara ngapi, na mzazi alipigiwa simu baada ya saa ngapi? Kijana wa miaka 14 huwekwa na wa miaka 18? Anaweza kuwapigia simu wazazi bila mtu kusikiliza? Atakapomaliza, ni nani atakayemfuata nyumbani, na kwa muda gani? Sheria ya shirikisho ya mwaka 2018 iitwayo Family First inaitaka aina fulani ya vituo vinavyolipwa kwa fedha za malezi ya watoto ishirikishe familia katika matibabu na imhudumie kijana kwa angalau miezi 6 baada ya kutoka. Hata kama kituo chenu hakibanwi na sheria hiyo, itumie kama kipimo. Uliza pia ni dalili zipi zitakazoonyesha kwamba amemaliza. Wakikujibu kwa miezi tu, «kumi na minane», bila kutaja nini atakuwa ameweza kufanya, wanakueleza urefu wa mkataba wao badala ya matibabu ya mwanao.

Kuna jambo jingine la kumuuliza wakili kabla kijana hajaanza vikao: maneno yake huko ndani yanalindwa kiasi gani. Matibabu huhitaji kijana aseme kweli, lakini mtaalamu akisikia jina la mtoto mwingine aliyedhurika analazimika kisheria kuripoti. Ni sawa iwe hivyo. Mtoto huyo naye anahitaji msaada. Ila mwanao aambiwe kanuni hii mapema na kwa lugha anayoielewa, asije akahisi ametegwa.

Lugha ni suala lako wewe pia. Taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu ya Marekani zina wajibu, chini ya Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, kuwahudumia ipasavyo wazazi ambao Kiingereza chao hakitoshi. Dai mkalimani wa Kiswahili aliyefunzwa katika kila kikao cha familia, na usikubali kabisa mtoto wako mwingine, au mwanao mwenyewe, atumike kutafsiri. Nimewahi kukaa katika kikao ambamo kijana aliulizwa amtafsirie mama yake kosa lake. Alitafsiri nusu, na mama akarudi nyumbani akiamini watoto walikuwa wakicheza baba na mama. Mchague mkalimani asiye wa kanisa lenu wala msikiti wenu, ikiwezekana kwa simu kutoka jimbo jingine.

Na baba yake lazima awemo. Katika vikao hivyo mtaambiwa mzungumze na kijana kuhusu mwili, tamaa, ridhaa na picha za ngono zilizo kwenye simu, na hapo ndipo wazazi wetu wengi hukwama, kwa kuwa hatukulelewa kusema hayo kwa watoto wetu sisi wenyewe. Kwetu kulikuwa na somo, kungwi, ngariba wa jando, babu wa kutania. Mzazi alikaa pembeni kwa heshima na kazi ikafanywa na mwingine. Sisemi mafunzo hayo yalikuwa hayana kasoro, lakini yalikuwepo, na alikuwepo mtu mzima wa kuulizwa. Mlipohamia Ohio, nafasi ya mtu huyo ilibaki wazi, na simu ikakaa hapo. Mume wako hatakuwa kungwi kwa siku moja. Anaweza kuanza kwa kusema mbele ya mwanawe, «Haya mimi sikufundishwa kuyazungumza, lakini nitajifunza nawe.» Mtaalamu atamsaidia yaliyobaki.

Nikija kwa Ujiji, jibu langu ni hapana. Shauri likiwa mahakamani, kumtoa kijana nchini bila ruhusa ya jaji ni kuvunja amri, na matokeo yake yanaweza kuwaangukia nyinyi wazazi na hata watoto wawili waliobaki. Ila hata sheria ingeruhusu, ningesema vivyo hivyo. Nyumba ya bibi Ujiji si nyumba tupu: ina wajukuu, watoto wa jirani wanaoingia kuchota maji na kutazama televisheni, na bibi mwenyewe ambaye kwa mujibu wa mpango wa mume wako hataambiwa chochote. Kumpeleka kijana huyu huko kimyakimya ni kuhamisha hatari kutoka kwa watoto ambao wazazi wao wanajua hadi kwa watoto ambao wazazi wao hawajui. Likitokea huko, msaada utakaopatikana ni mdogo. Maofisa ustawi wa jamii wa Tanzania wanafanya kazi kubwa kwa uchache wao, madawati ya jinsia na watoto yapo katika vituo vya polisi, zipo mahabusu za watoto katika miji michache na shule ya maadilisho Irambo, Mbeya. Lakini hizo ni sehemu za kuwahifadhi na kuwaadilisha watoto waliokinzana na sheria za kila aina, na hazikuundwa kwa matibabu ya jambo hili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumfunga mtoto jela, ilhali Kanuni ya Adhabu, tangu marekebisho ya mwaka 1998, inasema mvulana wa miaka 18 au chini aliyebaka kwa mara ya kwanza aadhibiwe kwa viboko tu. Sijaona kijana aliyefundishwa kwa fimbo kuheshimu mwili wa mwenzake.

Mwambie mume wako pia kwamba ukimya wenyewe ndio uliompa kijana nafasi. Alitenda jioni, nyumbani, akijua hakuna atakayesema, na akipelekwa Ujiji kwa siri atakuwa amefundishwa kwamba alijua vizuri.

Ikiwa atakwenda kituoni, kurudi kwake kuanze kupangwa wiki ya kwanza, si wiki ya mwisho. Hatarudi ghafla chumbani kwake. Kutakuwa na ziara za saa chache, kisha za usiku mmoja, wakati huo binti yako wa miaka 6 akiwa amefundishwa kwa maneno ya umri wake mipaka ya mwili na nani wa kumwambia. Mtakuwa na mpango wa usalama ulioandikwa: hawi peke yake na mtoto yeyote mdogo, habaki kulea watoto, milango ya vyumba ina utaratibu, simu yake inajulikana iko wapi usiku. Mipango hii huchosha, na katika mwezi wa sita ndugu watasema mnamdhulumu. Iendelee hadi mtaalamu, si ndugu, aseme ilegezwe.

Kukutana tena na binti wa mdogo wako ni suala jingine kabisa. Katika matibabu, kijana huandika barua ya kuwajibika, akairudia mara nyingi hadi iishe kujitetea, na barua hiyo kwa kawaida hukaa katika faili la mtaalamu wake. Inaweza kufika siku ambayo binti huyo, pamoja na mama yake na mtaalamu wake mwenyewe, atataka kuisikia, au kumuuliza binamu yake swali. Inaweza isifike. Hakuna sikukuu, harusi wala msiba unaoiharakisha siku hiyo, na mkiwa na shughuli ya familia kabla yake, binti ndiye atakayehudhuria na mwanao ndiye atakayebaki na mtu mzima mahali pengine.

Bibi aambiwe. Mume wako ndiye mwanawe, na yeye ndiye wa kumpigia simu, akiwa amekaa, kwa maneno machache yaliyo wazi, bila kutaja jina la binti. Kisha amweleze kazi anayoombwa. Vituo huwa na orodha ya watu wanaoruhusiwa kumpigia kijana simu, na orodha hiyo hujazwa siku ya kumpokea. Jina la bibi wa Ujiji liandikwe hapo, pamoja na saa inayofaa, kwa kuwa jioni ya Ohio ni usiku wa manane Kigoma. Kijana aliye mwezi wa nne wa matibabu, anayeamini kwamba ukoo mzima umemtupa, atakuwa na mtu mmoja anayejua alichofanya, anayempigia hata hivyo, na anayemuuliza kama amekula.